Mtani Halii

Watu huniuliza hadithi zangu za mapenzi ya kale nazitoa wapi, nami huwapa majibu mazuri mazuri: nazitoa kwenye kuta za mawe za mji wetu, kwenye milango ya zamani, kwenye upepo wa bahari. Wanapenda majibu ya namna hiyo, wengine huandika kabisa. Ukweli ni kwamba nazitoa jikoni, asubuhi baada ya sala, kompyuta ikiwa juu ya meza ninayokatia mboga, na nazitoa kwa taabu. Na kwa miaka mingi hakuna hata sura moja iliyotoka nyumbani kwangu Bagamoyo kwenda kwa mhariri wangu Dar bila kutukanwa kwanza na mtani wangu.

Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Utani wetu tumeukuta. Wazee wanasema ulianza enzi za misafara, wakati watu wa kwao walipokuwa wakishuka kutoka bara na pembe za ndovu mabegani, wanafika huku kwetu wamechoka na wana njaa, na sisi tunawapokea kwa maneno mengi kuliko chakula. Mtani anaweza kukuambia lolote, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Sasa niambie, mwandishi atampata wapi msomaji kama huyo? Ndugu zangu husifu kila ninachoandika kwa sababu ni ndugu zangu. Mhariri wangu ana adabu mno, akichukia ukurasa anasema "tuutazame tena". Mtani wangu hakuwa na adabu hata kidogo, kwa hiyo nilimwamini.

Alikuwa akija Jumamosi akitoka jumuiya ya kanisani kwake, na mfuko wake wa karanga za kukaanga. Anakaa kwenye kigoda. Kigoda ni changu, lakini alikwishajitwalia, na kitu kikitwaliwa na mtani ndiyo basi tena.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mvivu wa pwani." Kisha anapiga kofi moja, pwaa! "Haya, soma uongo wako."

Nami nasoma. Macho yake yalikuwa yamechoka herufi ndogo, hivyo kila sura aliisikia kwa sauti yangu, na sauti haifichi kitu. Palipolegea mwenyewe nilipasikia kabla hajafungua kinywa. Lakini alifungua tu.

Kuna Jumamosi nilimsomea mwanzo wa kitabu cha mpagazi. Kijana wa Kinyamwezi anaingia Bagamoyo na msafara, anamwona msichana wa Kizaramo dirishani, moyo unamwenda mbio, anasimama kumtazama, mimi hapo nimemwaga Kiswahili changu chote, kurasa kwa kurasa. Mtani akaacha kumenya karanga.

"Hivi huyu kijana anakula saa ngapi?"

"Anapenda, mtani. Hasikii njaa."

"Loh! Katembea kwa miguu kutoka Tabora na pembe begani, kafika, anataka dirisha? Mtu huyo anataka ugali! Ninyi Wazaramo mna bahati, mnadhani mapenzi ni shibe. Mpe chakula mtoto wa watu!"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kesho yake nikafuta dirisha na kumwandika msichana akimtengea mpagazi mhogo wa nazi na samaki, halafu akasimama mlangoni kumwangalia akila. Kijana hainui kichwa. Msichana anaona bega lake lilivyochubuka, na hapo ndipo anapopenda. Mhariri alinipigia simu kunipongeza kwa ukurasa huo. Nikasema ahsante. Ningemwambia nini, kwamba umetungwa na njaa ya mtani?

Lakini sijasema tulivyojuana. Tulijuana siku ya mazishi ya mume wangu. Kabla ya hapo alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, tunasalimiana tu na kupitana. Siku ile wanaume walikwishasimama kulibeba jeneza, na mimi nilikuwa ndani kati ya wanawake, sijalia. Watu walidhani najikaza Kiislamu. Nisingeweza kulia hata ningetaka, kilio kilikuwa kimenikwama. Mara nikaona jirani huyo, mama mnene, anatoka chumbani kwangu amevaa kofia ya mume wangu na miwani yake ya kusomea. Akaenda kusimama katikati ya mlango, mbele ya jeneza. Akakohoa. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa, akakohoa tena.

"Kwanza kabisa," akasema.

Jamani! Mume wangu alikuwa mwalimu, na hakuweza kuomba hata chumvi bila kukohoa, kufuta miwani na kuanza na "kwanza kabisa". Uwanja mzima uliangua kicheko. Wanaume wa watu wakaacha jeneza wakashikana mabega. Mimi nilicheka, nikacheka, na katikati ya kicheko kilio kikafunguka, nikamlilia mume wangu kama alivyostahili kuliliwa. Mama yule akasimama pale pale, "Hapiti mtu mpaka nipewe haki yangu!", wakampa kanga kama desturi ya watani msibani, akapisha njia. Miwani aliirudisha. Kofia hakuirudisha.

Kofia hiyo akawa anakuja nayo Jumamosi. Akitaka kunitukana kidogo, ananitukana hivi hivi. Akitaka kunitukana sana, anaivaa, anakohoa, anasema: "Kwanza kabisa, hujui kuandika." Nami kwa dakika mbili tatu nilikuwa na mume wangu na mtani wangu kwenye kigoda kimoja.

Kitabu cha mpagazi kikaenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Nilikuwa nimepanga hivi: msafara unarudi bara, kijana anamwahidi msichana kwamba atarudi, na harudi. Homa inamwua kabla hata ya kuvuka mto Ruvu. Msichana anangoja mpaka anazeeka. Mhariri aliupenda mpango huo, akasema wasomaji watalia. Nikamsomea mtani. Nilipofika kwenye homa, akasimama.

"Umemwua?"

"Ndiyo historia, mtani. Wengi hawakurudi."

"Wewe unaandika wangapi?"

"Mmoja."

"Basi mrudishe huyo mmoja!" Akavaa kofia, akakohoa. "Kwanza kabisa..."

"Kitabu ni changu," nikasema, na sikucheka.

Nilimkasirikia mtani wangu. Ni aibu kulisema, lakini ndivyo. Akanitazama, akavua kofia, akafunga mfuko wake wa karanga, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata akaja kama kawaida, akakaa. "Kafufuka?" akauliza. Nikasema bado. "Haya, soma uongo mwingine." Ikawa ndiyo salamu yetu. Nikimwamkia, ananiuliza kama kafufuka.

Msidhani sikujaribu. Nilijaribu asubuhi nyingi. Naandika: mlango ukafunguliwa. Halafu vidole vinagoma. Mimi najua mlango unavyofunguka baada ya mume kufa. Anaingia jirani anaomba kiberiti. Anaingia mtoto wa mtu na ujumbe. Unafunguka kwa upepo tu, na wewe umekwishageuza shingo kama mjinga. Sikuweza kuandika mlango unafunguka na yeye mwenyewe yupo. Niseme wazi, nilikuwa na wivu na msichana niliyemtunga mwenyewe. Kwa nini yeye arudishiwe wake? Basi nikamwacha mpagazi afe, nikajiambia ni historia.

Mtani akaanza kuumwa. Bintiye, ambaye ana mgahawa kule Msata pale njia panda, akaja kumchukua amwuguze. Nilikwenda kumwona. Basi liliposimama Kiwangwa nikanunua nanasi dirishani, nikafika nalo mkononi. Alikuwa amelala chumba cha nyuma ya mgahawa, amekonda, malori yanapiga honi nje, na harufu ya mchuzi imejaa mpaka chini ya kitanda.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Kafufuka?"

"Bado."

"Unangoja nife mimi ndiyo umfufue yeye?"

Nikamenya nanasi. Akanyonya kipande kimoja, cha pili akakikataa. Kisha akanishika mkono, naye hakuwa mtu wa kushika mikono.

"Sikiliza. Nikifa usije kunililia. Waliaji ninao, wanangu wanatosha. Wewe uje unitanie. Mumeo nilimtoa kwa kicheko, na mimi unitoe hivyo hivyo. Nisiondoke kama mtu asiye na mtani."

"Sasa utakufa lini nijipange?" nikamjibu. "Mwenzio nina kazi."

Akacheka, kikohozi kikamshika. Ndivyo mtani anavyojibu, nami nilijibu sawasawa. Halafu nikaaga kwenda kunawa mikono, nikapita jikoni kwa bintiye, nikatokea uani kwenye masufuria machafu, nikalia huko asikoniona.

Alirudishwa Bagamoyo azikwe kando ya mumewe. Nilipopata habari sikuwaza huzuni kwanza, niliwaza ahadi. Kazi yangu ni kuwasemesha watu waliokufa zamani. Nimewasemesha mabibi wa pwani na manahodha na wapagazi wasio na kaburi linalojulikana. Sasa nilitakiwa kumsemesha maiti mmoja tu ninayemjua kwa kila kitu, mbele ya watu wake. Nilijaribu nyumbani, peke yangu. Nilipiga kofi, nikafungua kinywa, halikutoka neno. Nikaogopa kweli kweli. Nisipoweza, ataondoka kama mtu asiye na mtani, na alikwishaniambia.

Chini ya turubai kinamama wa jumuiya walikuwa wakiimba. Nilikwenda na kigoda. Wanaume waliposimama kulibeba jeneza, nikakiweka mbele ya njia yao, nikakaa. Nyimbo zikakoma. Kila mtu alijua mimi ni nani kwake, wakangoja. Nikaliangalia jeneza. Na mimi, mtani mzima, nikaanza kulia.

"Mtani halii!" mzee mmoja akapiga kelele.

"Anatuaibisha huyu!"

Nilitaka kunyanyuka nikimbie. Ndipo bintiye akainuka kutoka kwenye mkeka, macho yamevimba, akaja mpaka nilipo. Mkononi ana kofia ya mume wangu.

"Mtani," akasema kwa sauti watu wote wasikie, "ukilia tunakutoza faini." Kisha akainama, akanivalisha kofia mwenyewe, akaninong'oneza: "Alisema irudi kwenu."

Nikaishika ile kofia kichwani. Nikakohoa. Nikapiga kofi moja, pwaa!

"Haya," nikasema, "soma uongo wako."

Haikuwa sauti yangu, ilikuwa yake. Kinamama wa jumuiya wakapiga ukelele, mmoja akaanguka mkekani kwa kucheka. Kumbe na huko jumuiya, mwenzao akianza kutoa ushuhuda, marehemu alikuwa akimwambia hivyo hivyo! Basi nikaendelea, hata sikuwa natafuta maneno. Nikawatukana Wazaramo wote, nikaanza na mimi. Nikamenya karanga zisizokuwapo. Nikauliza huyu padri amekula saa ngapi, mbona amekonda hivi, au mnampenda tu bila chakula? Padri mwenyewe akageuka upande, mabega yanamtikisika. Wajukuu walikuwa wakicheka na kulia kwa pamoja, na nikaona kilio chao kimefunguka.

"Jeneza haliendi!" nikasema. "Mpaka nipewe haki yangu."

"Unataka nini, mtani?" akauliza bintiye, kama desturi inavyotaka. Watu wakaanza kupapasa mifuko.

Wallahi sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake, na sauti yake mdomoni, na ikatoka vile ambavyo yeye angeitoa.

"Huyu Mzaramo kamwua kijana wa watu kwa homa, huko Ruvu. Namtaka mpagazi wangu! Arudi!"

Wengi hawakuelewa, wakacheka tu kwa sababu imesemwa kwa sauti ya marehemu. Bintiye alielewa. Alikuwa amesikia "kafufuka?" siku ile Msata, akamwuliza mama yake ni nani, akaelezwa. Akanitazama, akasema polepole: "Haya, Mzaramo. Umesikia anachodai. Unampa, humpi?"

Nikavua kofia. Hilo ilibidi nilijibu mwenyewe.

"Nampa," nikasema. Nikainuka na kigoda changu, wakapita naye.

Wiki ile ile nilirudi jikoni. Nikafuta homa, nikafuta miaka yote ya kungoja. Nikaandika: mlango ukafunguliwa. Vidole vikagoma kama kawaida yake, nami nikavingoja. Kijana akaingia, amekonda, tope mpaka magotini, akasimama pale pale mlangoni kama mtu asiyejua kama nyumba bado ni yake. Msichana hakupiga kelele wala hakumkimbilia, ingawa wasomaji wangependa akimbie. Alimtazama bega. Kisha akamwuliza, "Umekula?"

Sura nzima inaishia hapo. Jumamosi ilipofika nikakitoa kigoda uani, nikaweka kofia juu yake. Nikapiga kofi, nikasoma kwa sauti, taratibu, kama ninavyomsomea, mpaka kwenye neno la mwisho. Nikaziweka karatasi mapajani, nikangoja nitukanwe.