Ndege Niliyoiangusha Kariobangi

Ofisi yetu ya Kariobangi ilipowekewa intaneti, nilijiunga na kundi la marubani wanaoandikiana mtandaoni. Nikawaomba msaada: "Wakubwa zangu, upepo wa ubavuni unanishinda. Wiki hii nimeangusha ndege kila siku."

Sikutaja kwamba ni mchezo wa kompyuta. Kapteni mmoja mstaafu akajibu upesi: "Pole sana, dada! Umelazwa hospitali gani? Na abiria?"

Niliona aibu, nikamweleza ukweli. Nilidhani watanifukuza.

"Afadhali!" akaandika. "Basi elekeza pua ya ndege upande wa upepo, uinyooshe ukikaribia kugusa chini. Ila kazi kwetu usiombe bado."

Nikafuata. Ndege ikatua salama, nami nikaruka kitini nikipaza sauti: "Asante, kapteni!"

"Kapteni gani, Auma?" bosi akauliza nyuma yangu.