Kamati ya Kuchunguza Katuni

Televisheni ya zamani ikishawaka kwa muda inaanza kunuka. Wataalamu watakwambia ni vumbi linaloungua mgongoni mwake, lakini sie watoto wa Chang'ombe tuliamini kabisa kwamba ile ni harufu ya watu waliomo ndani, maana kwa mateke waliyokuwa wanarushiana kutwa nzima wangeachaje kunuka jasho? Changanya harufu hiyo na mihogo ya kukaanga iliyouzwa mlangoni, mikeka iliyolowa ikakaushwa ikalowa tena, na miguu ya watoto waliotoka kucheza mpira wa chandimu bila kunawa, utakuwa umepata banda la video la shangazi yangu Zaituni. Siku hizi niko kidato cha tatu, navaa suruali ndefu, na nimenusa mengi kwenye maabara ya kemia ambayo mengine mwalimu mwenyewe aliyakimbia. Ile harufu sijaikuta tena.

Shangazi alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kilipopunguza watu, wenzake walichukua kiinua mgongo chao wakanunua vyerehani, yeye akanunua televisheni na deki ya kuchezea mikanda ya video. Ukoo mzima ulikuja kumpa pole kana kwamba amefiwa. Akaondoa makochi sebuleni, akatandika mikeka, akaziba madirisha kwa magunia, na kuanzia hapo sebule yetu ikawa banda na sie tukawa tunakula televisheni. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: watu wakijaa, jioni tunakula samaki, watu wakikosekana, tunakunywa uji na kuangalia ukuta. Mie niliyeletwa kwake nikiwa mdogo, bibi yangu asiyeweza tena kutembea, na shangazi mwenyewe, wote tulikuwa tunaning'inia kwenye waya mmoja ulioingia nyuma ya ile televisheni.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Nilikuwa darasa la tano na sikujua Kihindi, Kichina wala Kiingereza cha kuombea maji, lakini nilisimama pembeni ya kioo na fimbo mkononi, nikawapa watu wote maneno: adui nampa sauti ya mwalimu wetu wa zamu, mama wa stelingi, yule shujaa wa picha, nampa sauti ya bibi akidai uji wake. Hakuna aliyewahi kuniuliza Kichina nimejifunzia wapi. Walichouliza ni kama leo nina koo zuri au nina mafua. Picha ileile wiki hii ilikuwa ya kulipiza kisasi, wiki ijayo ikawa ya kugombea shamba, na watu walilipa mara zote mbili.

Ule mkanda ulioleta balaa aliuokota fundi magari mmoja wa jirani, tuliyemwita Braza Chaka, chini ya kiti cha pikapu iliyotoka Japani. Juu yake palikuwa na maandishi ya vijiti vijiti, na ndani palikuwa na katuni. Shangazi alifurahi sana. Mama wa mtaani walikuwa wakilalamika kwamba picha za karate zinawaharibu watoto, na katuni kwao ilikuwa kitu cha paka kumfukuza panya. Akaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: KATUNI, WATOTO WOTE. Siku hiyo hata mama aliyekuwa mkali kuliko wote mtaani alimleta mwanaye mwenyewe, akamkalisha mbele kabisa, akaenda zake sokoni kwa amani.

Hapakuwa na paka wala panya. Palikuwa na mji mkubwa ambao serikali yake imeufunika wote kwa paa la chuma, na jua linatolewa kwa zamu. Kipande cha paa kinafunguliwa, mtaa huu unapata jua kidogo, watu wanatoka mbio na nguo zao mbichi na wagonjwa wao, halafu king'ora kinalia, kinafungwa, zamu ya mtaa mwingine. Anayetoka nje si zamu yake anabebwa na mashine zenye miguu kama kaa. Stelingi alikuwa msichana mwenye macho makubwa kama visahani, na kazi yake ilikuwa moja: kupanda kwenye minara na keekee yake, atoboe lile paa. Deki yetu haikuelewana na mikanda ya Japani, hivyo picha nzima ilikuwa ya kijivu na kijani, na waliojeruhiwa walitoka damu ya kijani. Nakwambia, hata mie nilisahau kutafsiri. Yule mtoto wa mama mkali alianza kulia kwenye mnara wa kwanza, na alipobebwa nje alikuwa anauliza zamu yetu ni lini.

Hukumu za watoto zilianza kabla hata sijazima deki. Wengine walisema si picha, kwa sababu stelingi hawezi kuwa msichana. Wengine walisema ni picha lakini adui hayupo, na picha bila adui ni kama chai bila sukari. Mmoja akasema adui ni lile paa. Tulimcheka sana, lakini kesho yake wote walirudi, na keshokutwa, na kila mtu akawa anasema adui ni paa kana kwamba ndiye aliyegundua. Tuliokuwa tumeshazoea mgao wa umeme tuliielewa ile picha bila mtafsiri, jambo ambalo mie kama mtafsiri lilinikera.

Shida ni kwamba watoto hawakuishia kuongea. Mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na bati juu, na kila bati sasa likawa serikali. Wakaanza kupanda na misumari. Walitoboa jiko la mama ntilie, wakatoboa choo cha msikiti, na mjukuu wa Mzee Mfaume akapanda juu ya nyumba ya babu yake, akatoboa tundu safi kabisa, akashuka amejawa furaha kwamba amewaletea watu mwanga. Mwanga uliingia siku hiyo moja. Masika yakaingia siku ya pili, yakashuka moja kwa moja kwenye kitanda cha Mzee Mfaume, upande anaolaza kichwa.

Mzee Mfaume alikuwa mjumbe wetu wa nyumba kumi. Ugomvi wa maji, ndoa, kuku walioingia kwa jirani, vyote vilipita kwake, na akisema banda linafungwa, linafungwa. Alikuja asubuhi na godoro lake kichwani, akalitupa mlangoni kwetu kama ushahidi.

"Shikamoo mjumbe," shangazi akasema.

"Marahaba. Zaituni, banda hili nalifunga."

"Mjumbe, hiyo ni katuni tu."

"Katuni gani inanyeshea watu?"

"Umeiona?"

"Nimeiona? Nimeilalia!"

Shangazi hakubisha. Alimletea kigoda na kahawa, akamwambia kwa sauti ya upole, sauti anayoitumia anapomwuzia mtu mihogo ya jana, kwamba mtu mwenye cheo chake hawezi kuhukumu kitu asichokiona, watu watasema mjumbe wetu anahukumu kwa hasira. Aunde kamati. Aje aitazame kuanzia mwanzo hadi mwisho, ndipo afunge kwa haki. Nilimwona Mzee Mfaume akilionja lile neno kamati pamoja na kahawa. Vyote vilimkolea.

Kamati ikaja alasiri ya siku iliyofuata. Alikuwepo mjumbe mwenyewe, Ustaadhi Hamza wa madrasa, na Mwalimu Eliaichi, mama wa Kipare aliyefundisha hesabu shuleni kwetu na kuimba kwaya kanisani. Walikaa kwenye viti, sie wote tukafukuzwa isipokuwa mie, kwa sababu deki ilikuwa inanitii mie tu. Nikashika fimbo yangu, nikasafisha koo.

"Wewe kaa kimya," akasema Mzee Mfaume. "Tunataka kuiona yenyewe, bila chumvi yako."

Sijawahi kunyamaza muda mrefu namna ile, hata kwenye mtihani. Picha ikaanza kwa Kijapani kitupu, na nikajua kabisa kwamba tumekwisha. Mwalimu Eliaichi aliuliza kwa nini binti wa umri ule hana sare. Ustaadhi alitaka kujua kama wenye damu ya kijani ni watu au ni majini, maana hukumu zake ni tofauti. Mzee Mfaume alikuwa anatafuta kitu kingine.

"Mjumbe wao yuko wapi?" akauliza. "Mji wote huu, paa limewekwa, hakuna hata mjumbe mmoja aliyeitwa kwenye kikao?"

"Hilo silo," Ustaadhi akasema. Alikuwa ameinama mbele. "Kama jua halionekani, adhuhuri wanaijuaje?"

Ni kweli, wangeijuaje? Kuanzia hapo Ustaadhi alihamia upande wa yule binti moja kwa moja, kila akizungusha keekee yake yeye anamwombea dua. Mwalimu Eliaichi naye akatoa macho binti alipochora pembetatu kwenye ukuta wa mnara kabla ya kutoboa. "Anapima!" akasema. "Huyu mtoto anapima kwanza! Nyie mnaona? Darasani kwangu hakuna anayepima!" Akanitazama mie wakati anasema hivyo, ingawa nilikuwa sijamwudhi mtu.

Aliyebaki ni mjumbe. Kwake kutoboa paa kulikuwa kutoboa paa, na shingo ilikuwa bado inamuuma kwa kulala kochini. Shangazi alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma, anamtazama yeye badala ya kutazama kioo. Ndipo kikaja kile kipande cha mzee na kiti. Mzee mmoja kwenye picha, mkongwe, anatoa kiti chake nje mapema ili awahi zamu ya mtaa wake. Anakaa. Anavua kofia. King'ora kinalia, paa linafunguka mtaa wa kulia, linafunguka mtaa wa kushoto, hapo kwake halifunguki. Anaendelea kukaa na kofia mkononi.

"Wamemruka," Mzee Mfaume akasema taratibu. Halafu akasimama. "Wamemruka! Mzee wa watu! Si alikuwepo? Si alikaa tangu asubuhi? Nani alikuwa na zamu hapo? Andika jina lake!"

"Kaa, mjumbe," Ustaadhi akasema, "unatuziba."

"Toboa!" mjumbe akamfokea yule binti. "Unangoja nini? Toboa!"

Binti alikuwa juu kabisa, keekee imeshagusa chuma, cheche za kijani zinaruka, na hapo hapo kioo kikazima. Giza. Kamati ikapiga kelele kama watoto wa mikeka ya mbele. "Umeme!" shangazi akalalamika kwa uchungu mkubwa, "umeme huu utatuua!" Mie peke yangu, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kunyamaza sasa, ndiye niliyesikia redio ya jirani ikiendelea na taarabu yake bila wasiwasi. Nikageuka. Swichi kubwa ya nyumba ilikuwa ukutani pale mlangoni, nyuma ya mgongo wa shangazi.

"Basi kesho," Mzee Mfaume akasema. "Hatuwezi kuhukumu kesi nusu."

Kesho yake umeme ulikatika palepale. Keshokutwa pia. Kamati ikaongezeka, kwa sababu mjumbe aliona kesi ni nzito, akaalika wajumbe wenzake wa mitaa ya jirani, nao wakaja na wake zao na mashemeji. Wasio wanakamati walilipa mlangoni. Mama waliotaka banda lifungwe sasa waligombania kiti, na mitaani, dukani, kwenye foleni ya maji, ilikuwa ni kubishana tu: akitoboa, kitaingia nini? Wengine walisema jua. Wengine walisema maji, kama kwa mjumbe. Braza Chaka alisema hakuna kitu nje, serikali ilishauza jua siku nyingi. Ukatolewa na uamuzi wa muda: picha imepigwa marufuku kwa watoto mpaka uchunguzi ukamilike. Hivyo rafiki zangu wakafukuzwa kwenye katuni ili wazee wao wakae, na wakawa wanachungulia kwenye matundu ya magunia wakitukana kimyakimya.

Shangazi aliuacha mkanda uishe siku banda lilipojaa mpaka uani. Keekee ikapenya, kioo chote kikawa cheupe, ikasikika sauti ya yule binti akivuta pumzi, basi. Hakuna zaidi. Mzee Mfaume aligeuka akanitazama, akaniruhusu kwa mkono. "Sema sasa. Amekufa au ameona jua?" Nilikuwa na majibu mengi. Watu wazima wote wale walikuwa wananingoja mie, na mie nikasema, "Mjumbe, hata mie nangoja kamati." Walicheka, kisha wakaanza kugombana, na ugomvi huo ukaendelea mpaka adhana ya magharibi. Uamuzi haukutolewa. Haujatolewa mpaka leo. Kisheria, banda la shangazi bado linachunguzwa.

Banda lenyewe halipo. Halikufungwa na mjumbe. Zilikuja stesheni za televisheni, antena zikaota juu ya mabati kama magugu, na kila mtu akabaki kwake. Shangazi aliona mapema, akauza deki, akafungua saluni, na tunakula vizuri kuliko zamani, sina haja ya kudanganya. Picha sasa ni za rangi zote, damu ni nyekundu, maneno yanaandikwa chini, na mtafsiri hana kazi. Mwezi uliopita nilitumwa kupeleka kitu kwa Mzee Mfaume nikamkuta sebuleni na wajukuu zake, televisheni kubwa imefunikwa kitambaa cha kufuma juu, wote kimya kama wako kwa daktari. Akatokea mtu kwenye kioo anaahidi jambo. Mzee akafungua mdomo. "Babu, shii," wajukuu wakasema, "tunasikiliza." Akaufunga. Mtu aliyeweza kufunga banda zima amefungwa mdomo na watoto wa chekechea, na alikaa hivyo, mikono magotini, mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Mjumbe," nikasema kwa sauti, "hivi huyu jamaa anasema kweli, au tumchunguze?"

"Achunguzwe!" akaruka. "Tangu jana namtilia shaka! Mwangalie kola yake!"

Tulifukuzwa nje wote wawili. Mzee akachukua kigoda chake, mie nikakaa chini, na kupitia dirishani tulikuwa tunamwona yule jamaa akiongea bila sauti, kwa hiyo ikabidi nimsemee.