Mkate Uliowekwa Kiblani

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa dukani, nilipenda kuingia kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yake, nje kidogo ya kijiji chetu upande wa Tanga. Serikali ilikuwa imeyazungushia seng'enge na kuweka kibao, lakini uzio ulikuwa na tundu la kunitosha. Nilikuwa mtoto wa haya, na mle ndani hakuna aliyeniuliza kwa nini sisemi. Nilipita kaburi hadi kaburi nikipapasa vishimo ambamo zamani zilipachikwa sahani za Kichina, kisha nikakaa msikitini, pasipo na paa, kwenye kivuli cha kibla, ile sehemu ya ukuta iliyoingia ndani anaposimama imamu.

Hapo kiblani wanawake wenye shida waliweka ubani, marashi na chakula. Bibi alikuwa amenionya.

"Kile si chetu, ni cha wenyewe. Mtu akikila, ombi la mwenzake limekufa."

Wenyewe walikuwa majini wa pale. Hatukuwataja zaidi ya hivyo.

Siku moja nilitoka shule na njaa, nikakuta mkate wa kumimina umefunikwa kwa kipande cha kanga, bado una joto. Nilikusudia kuonja tu.

Nyumbani Bibi alininusa.

"Mdomo unanuka iliki. Nani kakupa?"

Nikajifuta mdomo kwa mkono.

"Kijiji hiki leo iliki kainunua mtu mmoja."

Mtu huyo alikuwa Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, aliyekuwa na miaka sita kwa mumewe bila mtoto. Akaitwa. Alinitazama kabla ya kuuliza.

"Umekula wote?"

"Nimebakiza ukingo."

Akacheka, kicheko ambacho sikukipenda. "Basi Mungu anipe hata ukingo wa mtoto."

Hakupata. Mwaka wa pili mumewe alimpa talaka. Mama mkwe alipokuwa akimtolea godoro lake nje, alimwambia, "Tusilaumiane, mwanangu. Mkate ulishaliwa." Kuanzia hapo nikapata jina, Mla Mtoto. Wenzangu waliniita hivyo kisimani, wakubwa wakasikia na kuchota maji yao. Nilimaliza darasa la saba jina likiwa bado langu, na kwa miaka hiyo yote niliamini kwamba ni kweli.

Yule mume alioa tena, kisha akaoa wa tatu. Hakuna aliyezaa naye. Wa pili alipoachwa na kuolewa kijiji cha jirani, alijifungua mapacha. Kijiji kizima kiliona, na hakuna aliyenijia kuniambia, mwanetu, tulikukosea. Yule alikuwa mwanamume mwenye shamba na ndugu wengi. Mimi nilipoula ule mkate nilikuwa na miaka minane.

Sasa naishi ughaibuni, mjini Burnsville, na mwanangu wa miaka mitatu. Jumapili moja theluji ilitufungia ndani, nikampigia Shangazi simu ya video.

"Mwamkie bibi," nilimwambia mtoto. Akamwamkia kwa Kiingereza.

Shangazi alimkodolea macho, hakucheka.

"Kanenepa," alisema. "Anakula vizuri. Kamfuata mama yake."

Maneno yalinijaa kinywani: Shangazi, haukuwa mkate, alikuwa mumeo, na wewe unajua. Nikasema, "Ndiyo, Shangazi. Anakula." Tukaulizana hali ya mvua na ya mguu wake unaomsumbua, tukaagana.

Nimelifikiria sana jibu lile. Ningependa kusema nilimhurumia, kwamba nikimwondolea ule mkate atabaki na ukweli kuwa alifukuzwa bure na mtu ambaye yeye alimpenda. Huenda hata Bibi alinionya kwa nia njema. Lakini sikunyamaza kwa huruma. Nilinyamaza kwa sababu walinifundisha kunyamaza nikiwa mdogo, na somo likaniingia. Shangazi hajawahi kuniuliza mwanangu anaitwa nani, na mimi sijawahi kumwambia.