Mahindi Tuliyoyaombea

Kwa miaka tisa nilifungua stoo yangu ya mahindi hapa Busia kwa maombi. Saa moja na nusu asubuhi, kabla lori la kwanza kutoka ng'ambo ya mpaka halijafika mlangoni, wafanyakazi wangu sita walisimama kati ya magunia, tukaimba, nikasoma Neno, tukaomba. Halafu tukakiri. Kukiri kwetu hakukuwa kutubu, kulikuwa kutamka ushindi: biashara hii inasonga, mahindi haya ni mazuri, hakuna hasara humu. Sharti langu lilikuwa moja tu. Mtu asitamke baya ndani ya stoo. Aliyeteleza alilifuta neno lake mbele ya wote, kwa jina la Yesu, tena kwa sauti.

Nililipenda sana sharti hilo. Ushirika wetu wa wafanyabiashara Wakristo uliniita nilieleze, nikaenda na suti mpya ya kijani, nikapigiwa makofi mpaka nikaona haya kidogo. Kidogo tu.

Msimu ule mvua haikukata, na mahindi yaliyovuka mpaka yalikuwa mazito. Mpakuaji mmoja, mzee wa Busibwabo aliyelima mahindi maisha yake yote, aliuma punje akaitema.

"Boss, hii mahindi bado ni mbichi," akasema. "Tuanike kwanza."

Nilikuwa nimeahidi kupeleka chakula kwenye shule moja ya msingi upande wa Butula, na sikutaka kusikia habari za kuanika. Kifaa cha kupima unyevu kilikuwa kwenye droo, betri zimekwisha, sijanunua nyingine. Nikamwambia alifute neno lake. Mtu anayenizidi umri alisimama mbele ya wenzake akasema, "Nafuta kwa jina la Yesu. Mahindi ni kavu." Tukaitika amina. Siku chache baadaye magunia ishirini yakaenda Butula na mengine yakabaki yamepangwa hadi karibu na mabati.

Wiki mbili hazijaisha, asubuhi moja nikiwa katikati ya kukiri, niliweka mkono juu ya gunia kama ilivyokuwa kawaida yangu. Lilikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye malaria. Nikakatiza maombi nikaagiza lifunguliwe. Punje zilikuwa zimeshikana mabonge, zina ukungu wa kijani, na harufu yake ilinirudisha nyuma hatua mbili.

Hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi.

"Mlijua?" nikauliza.

Msimamizi wa stoo, mama wa Amukura niliyeanza naye kazi, alitazama viatu vyake. "Tulijua, mama. Kutoka wiki ile ingine. Iko na moto ndani."

"Na mkanyamaza?"

"Si ulisema mtu asitamke mabaya hapa? Tumekuwa tukikuja mapema, tunaiombea kabla ufike."

Nilitaka kumfokea, nikakosa wa kumfokea. Hawakuniibia, hawakunifanyia hila. Walinitii. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi ndiye niliyewafundisha kuficha, nikaita imani.

Ndipo nikakumbuka shule.

Nilipiga simu haikushikwa. Nikaendesha gari mwenyewe, nikiomba na kutukana kwa zamu. Anayeuza nafaka anajua ukungu ule una sumu, na kwamba sumu yenyewe si lazima ikuangushe leo. Huweza kukaa kwenye ini kimya, miaka na miaka. Nilimsihi Mungu mpishi awe bado anamalizia mahindi ya zamani, magunia yangu yawe bado yameshonwa. Nilimwambia achukue stoo, achukue lori, achukue na jina langu zuri. Sikuwahi kuomba hivyo hata mume wangu alipokuwa mgonjwa.

Matope ya barabarani yalinichelewesha, nikafika chakula cha mchana kimekwisha. Mpishi, mwanamke mcheshi, alikuwa akisugua sufuria ya githeri ya mahindi na maharagwe nje ya jikoni, akafurahi kuniona. Nikamuuliza kama alikuwa amefungua mahindi yangu.

"Tuko karibu kumaliza," alisema. "Imebaki gunia mbili."

"Yalikuwa sawa?"

"Mwanzo watoto walisumbua. Walisema githeri ni chungu, wengine wakaacha kwa sahani. Nikawaambia, hii ni mahindi ya ule mama anaombea chakula kabla alete, hakuna kitu mbaya inaweza kutoka kwake. Nikasimama hapo mpaka kila mtu akamaliza."

Kisha nikamwambia yote: kwamba mahindi yameoza, kwamba yana sumu, kwamba nilionywa nikamnyamazisha aliyenionya, na asipike tena hata punje moja. Nilisema taratibu ili nisilazimike kurudia. Yeye alikuwa bado ameshika steelwool, maji ya sabuni yakimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Wangu wawili wanasoma hapa, mama," akasema. "Nilikuwa nawaongezea."