Ng'washi na Ngozi ya Simbilisi

Mama mkwe wangu, Ng'washi, alikuwa mfugaji asiye na ng'ombe. Zizi lake lilijaa, lakini ukimuuliza yupi ni wake, angekuonyesha mbuzi mmoja mwenye pembe iliyovunjika. Waliobaki walikuwa wa watu. Kwetu Usukumani mwenye mifugo mingi humkabidhi mwenzake amtunzie, na jambo hilo tunaliita kubilisa. Mtunzaji anakunywa maziwa, anapata samadi, na mambo yakienda vizuri hupewa ndama. Sharti lake ni hili: mnyama akifia mikononi mwako, unapeleka ngozi kwa mwenyewe. Aione kwa macho yake, aitambue rangi, ajue hukumuuza wala hukumla kwa siri. Ng'washi alipeleka ngozi nyingi maishani mwake, na hakuna siku aliyorudi kichwa kimeinama. Hata baada ya Operesheni Vijiji, tulipopangwa kwenye mistari ya nyumba za kijiji cha ujamaa hapa Sapiwi, na majirani wakawa hawaaminiani hata kwa jembe, watu waliendelea kumletea ng'ombe wao.

Nimeanza na hilo ili ubaya wa yule mtu ueleweke. Mimi ni Benedikta, mke wa mwanawe Mihayo, na mpaka leo nikimkumbuka Bwana Mifugo Masele mate hunijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Simbilisi alikuja na nesi Generoza wa zahanati ya misheni. Alikuwa amesomea unesi Iringa, na huko wanawafuga majumbani. Kijijini kwetu hakuna aliyewahi kumwona mnyama wa namna ile: masikio kama majani madogo, miguu mifupi, mwili wa duara unaokwisha ghafla nyuma bila mkia wowote. Watoto walisema Mungu aliishiwa udongo. Alikuwa mweusi mwenye baka jeupe mgongoni, na Generoza akamwita Pamba, jina lililotufurahisha sana sisi tuliokuwa tukivunjwa migongo na pamba ya shamba la kijiji.

Generoza alipoitwa Mwanza kusomea ukunga, alimleta Pamba kwa mama mkwe.

"Mayu, nakubilisia," alisema akicheka, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Na akizaa?"

"Atazaa na nani, mayu, naye yuko peke yake?"

Wote tulicheka isipokuwa Ng'washi. Kwa Generoza ulikuwa utani. Kwa mama mkwe neno lilikuwa limeshatamkwa, na mnyama alikuwa wa mtu.

Basi alimtunza. Alimtengea pembe ya nyumba karibu na mtungi, akawa anamkatia majani mabichi bondeni kila akitoka kuteka maji. Pamba akaijua miguu yake. Mtu mwingine akipita alinyamaza, lakini Ng'washi akikanyaga tu kizingitini, kale kanyama kanapiga mluzi, na yeye anamjibu, "Nimekuja, nimekuja." Mwanamke yule alikuwa mkavu. Mimi niliyeolewa na mwanawe hakuwahi kuniambia nimekuja.

Kiangazi kilipokaza, Pamba akaanza kunyonyoka manyoya shingoni. Ngozi ikatoka magamba, akawa anajikuna mpaka damu, kisha akaacha kula. Mama mkwe akamweka kwenye kikapu chenye kifuniko, akakifunga kwa kamba ya katani kwa fundo lake la kufungia ndama, lile ambalo ncha moja hubaki imesimama. Tukaondoka alfajiri kwenda Bariadi kwa Bwana Mifugo.

Wakati ule kila mtu alikuwa ndugu. Mwenyekiti alikuwa ndugu, katibu ndugu, hata mgambo aliyekuchapa alikuwa ndugu. Masele peke yake ndiye aliyebaki bwana, na alilipenda neno hilo kama alivyopenda maini. Ng'ombe hachinjwi mnadani bila yeye kumkagua, na kila akikagua ini lilikwenda naye, eti la uchunguzi. Uchunguzi wenyewe tuliukuta mezani pake siku ile, umekaangwa. Alikuwa anakula kwa mikono, mafuta yanamtiririka hadi kwenye mikono ya suti yake ya Kaunda, na nzi wanatembea kwenye sahani bila wasiwasi kama watu wa nyumbani.

"Mwangaluka, baba," mama mkwe alimsalimia kwa heshima, ingawa angeweza kumzaa.

"Mwangaluka. Ng'ombe ana nini?"

"Si ng'ombe. Ni huyu hapa, simbilisi. Ananyonyoka, na sasa hali chakula." Akashika kamba afungue.

"Usinifungulie hapa, mama. Huoni ninakula?"

Mama mkwe akaondoa mkono. Masele akameza, akajilamba kidole.

"Ndiyo mdudu gani huyo?"

"Mnyama tu, baba. Mdogo kama mtoto wa sungura."

"Panya," alisema Masele. "Mama, serikali haikunisomesha nije kutibu panya. Nina ng'ombe wa wananchi."

"Ni wa mtu, baba. Nimebilisiwa."

Hapo alicheka mpaka vipande vikamruka mdomoni. Naye ni Msukuma, mtoto wa zizi kama sisi. Lakini barazani walikuwapo wenye ng'ombe waliokuja kufuata dawa ya josho, na mmoja wao, mzee Jilala, aligeuza shingo kusikiliza. Masele akaona afadhali abadili sauti.

"Sawa. Mnyama mgeni huwekwa karantini. Mwache stoo, nitamshughulikia."

Stoo ilikuwa nyuma ya ofisi, imejaa madebe ya dawa na ngozi za ng'ombe zilizopangwa hadi darini, inanuka kiasi kwamba macho yanawasha. Mama mkwe alikiweka kikapu kwenye kona, akaacha na mzigo wa majani. Akauliza kuhusu maji.

"Mtaalamu ni mimi au wewe?" alijibu Masele, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni.

Kesho kutwa yake tulirudi, tukiwa na majani mengine. Kabla hatujafika barazani tulisikia mluzi nyuma ya mlango wa stoo. Mama mkwe alisimama, uso ukamfunguka.

"Amenisikia miguu," aliniambia.

"Unamsikia?" Masele alisema kutoka dirishani. "Hiyo ni furaha. Nimemchoma sindano. Anakula vizuri sana."

"Nimwone, baba."

"Karantini ni karantini, mama."

Alipokea majani, akatushukuru kwa ushirikiano. Njia nzima ya kurudi Ng'washi alikuwa mwepesi kama binti, na mimi nilifurahi naye. Siku hizi nikiukumbuka ule mluzi natamani ningekuwa kiziwi.

Tulipokwenda tena stoo ilikuwa kimya. "Amelala," alisema Masele. "Dawa inalevya." Akapokea majani. Mama mkwe alirudi nyumbani, na siku hiyo alikatia majani hata mbuzi, kwa mazoea.

Safari iliyofuata ilikuwa siku ya mnada. Masele alituona kwa mbali, akatoka barazani kabisa kutupokea, akauvaa uso wa msiba.

"Pole, mama. Amekufa. Ugonjwa ulishaingia ndani. Nilipigana naye usiku kucha."

Nilidhani mama mkwe atalia, nikamshika kiwiko.

"Wabeja, baba, kwa kupigana naye," alimshukuru. "Nipe ngozi."

"Ngozi?"

"Ngozi. Niipeleke kwa mwenyewe."

"Ngozi ya panya?" Masele alitazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Baraza lilijaa wanaume wa mnadani, na kila mmoja alikuwa na ng'ombe wake kwenye zizi la mwingine, au ng'ombe wa mwingine kwenye zizi lake. Hakuna aliyecheka. Ng'washi alikunja khanga yake akaketi sakafuni mbele ya mlango wa ofisi, miguu ameinyosha, kama mtu aliyefika kwake.

"Bwana Mifugo," alisema Jilala, "mpe mama ngozi yake. Mbona ni jambo dogo?"

"Iko inakaushwa," alisema Masele. "Aje kesho."

Kesho yake tulifika, na Jilala na wenzake kadhaa walikuwapo. Walisema wamekuja kwa ajili ya dawa ya josho. Hakuna aliyeuliza dawa. Masele alitoa mzigo uliofungwa kwa gazeti, akamkabidhi mama mkwe kwa mikono miwili kana kwamba anatoa mahari. Ng'washi alifungua. Ilikuwa ngozi ndogo, bado mbichi, ya rangi ya vumbi. Aliigeuza juu chini, akaitandaza gotini. Kisha akashika kitu kirefu kilichoning'inia pembeni, akakiinua kwa vidole viwili watu wote wakione.

"Hiki nini, baba?"

"Si mkia?" alisema Masele.

"Ni mkia," alisema mama mkwe. "Simbilisi hana mkia."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua inaweza kuwa fupi namna ile, isiyozidi mkia wa panya buku. Masele alisema mkia huwa unajificha. Alisema wengine wanao. Akasema labda aliyemtuma kuchuna alikosea. Wanaume walimsikiliza kwa adabu mpaka akaishiwa.

"Basi nipe kikapu changu," alisema mama mkwe.

"Kikapu kilitupwa."

"Fungua stoo, Masele," alisema Jilala. Hakusema bwana.

Masele akaifungua. Harufu ya ngozi ilitupiga, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine. Mama mkwe alikwenda moja kwa moja kwenye ile kona. Kikapu kilikuwa palepale alipokiweka. Juu yake yalirundikwa majani yetu, mizigo yote tuliyoleta, kila mmoja na kamba yake, yamekauka hadi yanapukutika. Alipoyaondoa tuliona fundo. Lilikuwa lake, lile la kufungia ndama, ncha moja imesimama. Hakuna mkono uliokuwa umeligusa.

Hakumchoma sindano. Hakumpa tone la maji. Hakumtazama. Mluzi ule ulikuwa kiu, na yeye alitusimamisha dirishani akatuambia ni furaha, na sisi tukamshukuru. Hata alipobanwa atoe ngozi, alikuwa na mnyama mwenyewe hatua chache kutoka mezani pake, akaona ni afadhali auliwe panya buku porini kuliko yeye kufungua kikapu apate kinyaa. Yeye, mla maini kati ya nzi, ndiye aliyeona kinyaa.

"Nilikuwa na kazi nyingi, mama," alisema.

Mama mkwe alijitwika kikapu kilivyo, na funza wake, tukaanza safari.

Nyumbani alikizika nyuma ya zizi bila kukifungua, ila fundo alilikata pamoja na kamba yake, akalitunza. Generoza aliporudi kutoka Mwanza, mama mkwe alimpelekea fundo lile kwenye kitambaa safi, akamweleza yote. "Ngozi nimeishindwa," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake niliona kichwa chake kimeinama mbele ya mwenye mnyama. Hilo ndilo sitamsamehe Masele. Generoza alilia, akasema hadai kitu, akamshika mikono. Lakini Ng'washi alijua hesabu ya kubilisa, na kwake haikufungwa.

Masele hakufanywa lolote. Nani angeandika ripoti juu ya simbilisi? Mvua zilipoanza alikuja kijijini kwetu kuchanja ng'ombe, na suti yake na bomba lake la sindano, kijiji kizima kimekusanyika. Alianzia zizi letu. Mama mkwe alikuwa amesimama langoni, mkono kwenye gogo la mlango.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mama. Fungua, tunachelewa."

Ng'washi hakusogea. Aliashiria ng'ombe jike mwekundu aliyekuwa mbele ya wote.

"Mtazame kwanza huyu. Ana mkia, au hana?"

Hakuna aliyecheka, kama siku ile barazani. Walimngoja. Masele aliangalia bomba lake, akamwangalia mwenyekiti, na mwenyekiti akatazama miguu yake mwenyewe. Mwishowe aliinama, akachungulia katikati ya magogo.

"Anao," alisema.

Mama mkwe akaondoa gogo, ng'ombe akachanjwa. Kisha akalirudisha, akaashiria anayefuata.

"Na huyu?"