Saa Zangu Sitini na Moja, Mume Wangu Kazigeuza Sadaka

Admin, nifichie jina, maana Kyela ni ndogo na watu wana masikio. Mimi ni mama wa miaka 33, nina watoto wawili na ndoa ya miaka nane. Kazi yangu ni kuediti video: kwaya, harusi, misiba. Sijaajiriwa na mtu, nina fremu yangu karibu na stendi. Na wale wa "dada vumilia, ndoa ni uvumilivu", leo piteni kimya kimya. Nina hasira.

Zamani nilikuwa natoza kwa video. Mteja analipa elfu hamsini, halafu anaanza: "Hapo ongeza jina la shangazi." "Hapo mama haonekani vizuri." Siku kumi niko kwenye video moja! Laptop ikafa, na baada ya miaka yote ile ya kazi sikuwa na hela ya kununua nyingine. Ndipo nikakaa chini nikapiga hesabu kama mtu mzima: kodi, umeme, bando, laptop itakayokufa tena, siku za kuumwa, na zile saa za kumfuata mteja hadi Kasumulu, kule mpakani, ambazo hakuna anayezilipa. Ikatoka elfu nane kwa saa. Nikaibandika mlangoni. Walinicheka. Mama mmoja muuza mchele akasema, "Shambani tunalipa kwa ngwe, kwa kipande kilicholimwa, mwanangu. Wewe unataka tukulipe kwa kukaa kwenye kiti?" Wengine walikimbia, ila waliobaki walilipa, na laptop hii nimeinunua kwa jasho langu.

Sasa sikilizeni. Baba mkwe wangu ndiye mwenyekiti wa kamati ya jubilei ya kanisa letu. Na kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Wengi siku hizi wameacha, ila ukoo huu haujaacha. Nikimwona anakuja nakata kona, na neno lolote kati yetu hupitia kwa mume wangu. Mzee akataka video ya historia ya kanisa. Nikamwambia mume wangu, "Mweleze baba, ni kama saa sitini, bei ni ileile." Akaenda, akarudi anatabasamu. "Baba amekubali. Piga kazi."

Nikapiga kazi. Wateja wawili niliwarudisha. Ngonga nimekwenda mara tatu kurekodi wazee, mvua inaninyeshea. Saa sitini na moja, zote nimeziandika kwenye daftari.

Jumapili iliyopita nilibaki nyumbani na mtoto ana homa. Wifi yangu akanipitia akitoka ibadani, akanikumbatia. "Ndaga fijo, wifi, asante sana! Baba ametangaza kwamba kazi yote umeitoa sadaka. Watu wamepiga makofi! Na kwaya nyingine nazo zinasema zitakuja kwako." Zitakuja, ndiyo. Kutaka bure!

Mume wangu alipoingia nilimvaa hapohapo mlangoni. Wala hakukataa. "Nilimwambia umejitolea. Ningemwambiaje baba kwamba mke wangu anamchaji kwa saa? Kwani wewe trekta la kukodi?" Anasema hivyo mtu anayenunua kakao kwa mizani, ambaye hajawahi kumwachia mkulima hata robo kilo! Nikamwambia, basi rudi ukamwambie baba ukweli. Akacheka.

"Nenda kamwambie wewe."

Anajua siwezi. Hilo limeniuma kuliko uongo wenyewe. Heshima ninayompa baba yake kwa miaka nane, yeye kaifanya maficho. Sikatai kumtolea Mungu, jamani, lakini sadaka huitoa mwenye nayo kwa mkono wake. Mimi nimeibiwa, halafu nikapigiwa makofi.

Jubilei ni Jumapili hii. Flashi yenye video iko kwenye pochi yangu, na daftari la saa liko pamoja nayo. Nikinyamaza, ile bei ya mlangoni nikaibandue tu, maana Kyela nzima itajua kazi yangu ni ya bure. Nikisema, nitaitwa mwanamke aliyemvunjia mkwewe heshima kwa ajili ya hela.

Nyie mnaosoma, mngekuwa mimi mngefanyaje? Flashi hii niipitishe tena kwenye mkono wa mume wangu, au niibebe mwenyewe pamoja na daftari langu, nikasimame mbele ya mzee, na neno la kwanza atakalolisikia kutoka kinywani mwangu liwe bei yangu?