Kishona Nguo kwenye Khanga ya Mwali

Hadi leo, nikibandua vishona nguo kwenye soksi za mwanangu, vile vimbegu vyeusi vyembamba vyenye vijipembe viwili, husikia harufu ya mafuta ya nazi na ya chumba kisichofunguliwa dirisha.

Tulikuwa tukiishi Kiwangwa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nimewekwa ndani, mwali. Mliopitia hayo mnajua. Wengine niwaambie tu kwamba hata kuku wetu walikuwa na uhuru kunizidi. Shangazi Mwanahawa, dada yake baba, ndiye aliyekuwa somo wangu, akinifunda na kunisinga. Ndiye pia aliyetumwa shuleni kuniangalizia orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Alirudi akasema jina langu halimo. Baba akaamua kwamba nikitolewa nitapelekwa Bagamoyo mjini kujifunza cherehani, mimi nisiyejua hata kupachika kifungo.

Sikuamini. Alasiri moja, shangazi akiwa anaswali, nilijitanda khanga gubigubi, nikatokea mlango wa uani na kukatisha shamba la mihogo lililoachwa likaota magugu. Kwenye ubao wa shule jina langu lilikuwa la nne kutoka juu. Nililisoma mara tatu, nikarudi mbio.

Kishona nguo hakina mabawa ya kupeperuka, wala tunda la kumwita ndege. Humngoja apitaye, kikamdandia. Swali la jinsi mbegu zinavyosambaa lilikuja kwenye mtihani na nililipata. Sasa jibu lilikuwa limeniganda kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo, na kila nilichobandua kiling'ang'ania kidole. Vingine vilikuwa vimedondoka ukumbini mpaka mlangoni pangu.

Shangazi alikuwa ameshaingia chumbani baba aliposimama nje ya pazia.

“Nani ametoka humu?”

Shangazi aliitazama khanga yangu. “Ni mimi, kaka. Nilijitanda khanga ya mwali nikaenda shamba.”

Alikuwa akiniokoa, nami nikahisi nimefungiwa mara ya pili. Kama sikutoka, basi jina sikuliona.

“Ni mimi, baba. Nimekwenda shuleni. Jina langu lipo, la nne.”

Baba hakunigombeza. Alimwuliza dada yake, kwa sauti ya chini, “Uliangalia vizuri?” Shangazi aliinama, akaanza kuokota vimbegu kimoja kimoja.

Nilimchukia. Nilisoma sekondari yote nikimpa shikamoo ya mdomoni tu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, alinijia na karatasi ya dawa kutoka hospitali. “Nisomee, mwanangu. Miwani nimeisahau nyumbani.”

Nilikuwa nimefika katikati nilipokumbuka kwamba shangazi hakuwahi kuwa na miwani. Nikamwona amesimama peke yake mbele ya ule ubao wa shule, mtu mzima, akiona haya kumwuliza mtoto yeyote majina gani yameandikwa pale. Nilianza kumsomea upya, polepole, kutoka juu.